Mengineyo

Miaka mitatu nilikuwa nasema: mwakani.
Mwakani nitasimama mkutanoni, chama cha msingi,
pale ghalani Mahuta, kati ya magunia na panya,
niulize zile kilo zinakwenda wapi.
Nyumbani gunia langu lilikuwa themanini.
Kwenye mizani yao, sabini na sita.
Korosho haina miguu.

Maneno nilikuwa nayo. Niliyaandika
nyuma ya risiti ya salfa, kwa kalamu ya Mwanahawa,
mwanangu wa darasa la sita, anayenisahihisha herufi.
Niliyasema nikiokota, mkorosho hadi mkorosho,
nikinyofoa bibo, nikiinua kidole kama diwani.
Shambani nilikuwa hodari. Hata kunguru walinyamaza.
Ila kila nikimaliza nilijiambia: bado,
sauti haijaiva, ngoja kwanza
niache kutetemeka, ndipo nisimame.
Ningengoja hadi nizikwe nayo.

Siku yenyewe, karatasi niliisahau
kwenye pindo la kanga nyingine.
Ajenda ya kwanza, ya pili, pembejeo, mchango wa choo cha shule,
bati likituchemsha kama ming'oko chunguni.
Katibu akasoma: "Mengineyo,"
kwa sauti ya mtu anayefunga daftari.

Nilikaa mwisho wa benchi.
Upande wa pili Bi Somoe Chikoko, mwenye mwili wake.
Akainuka ghafla kumkimbilia mjukuu.
Kwake kukaruka juu, kwangu kukazama,
nikasimama nisianguke.
Ndiyo hivyo tu. Nisianguke.

"Haya, mama," akasema mwenyekiti Nampoto, "jina na kitongoji."

Watu mia na kitu wakageuka.
Ningeweza kusema, samahani, ni benchi.
Nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo, Mungu shahidi,
kikatoka: "Kilo nne."

Bila salamu. Bila itifaki.
"Kilo nne," nikarudia, maana sikuwa na lingine,
kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyetumwa chumvi
akasahau njiani.
Mtu akacheka kule nyuma. Kanga ikaniteleza begani.
Nikasema mwisho kabla ya mwanzo,
nikataja mizani, nikasahau tarehe,
nikakwama.
Nikameza mate. Nikaendelea pale pale nilipokwama.
Hilo sikuwahi kulifanyia mazoezi shambani,
kukwama na kuendelea.

Ndipo mzee Abilahi Nnonjela,
ambaye hajawahi kuniazima hata kiberiti,
akasema bila kuinuka: "Mimi tatu na nusu."
"Mimi tano," mwingine.
Ghala zima likaanza kuhesabu.

Sikushinda. Mwenyekiti alisema suala litafanyiwa kazi,
na sote tunajua kazi hiyo hufanyika wapi.
Kwenye muhtasari walikosea jina,
Zinduna wakaandika Zainabu,
lakini kilo nne wameziandika nne.

Usiku nililala macho, nikiyapanga maneno upya.
Sasa yamenyooka, sasa yana salamu na methali,
na hayana wa kuyasikia.

Na ujasiri? Ulifika kesho yake adhuhuri, nikitwanga,
kama mgeni wa msibani aliyekuta watu wameshazika,
akauliza mlangoni, nimechelewa?
Nikamwambia, kaa, ule.

Mkutano mwingine ni Jumamosi.
Bado natetemeka. Nimejipima leo asubuhi kwa kikombe cha chai,
kisahani kimejaa.
Mwanahawa ameniandikia karatasi mpya, hati safi,
nimeifunga pindoni, safari hii kanga ni hii hii.
Nitakwenda mapema.
Nitakaa mwisho wa benchi,
nimwombe Bi Somoe akae kule kule.